Unatoka Idodi kwenda Iringa? Kaburi la Mkwawa liko njiani, na fuvu lake pia

Ukipanda basi Idodi kwenda Iringa mjini, unapita jirani na kaburi la Chifu Mkwawa, halafu baadaye unapita jirani na fuvu lake. Ni barabara ile ile ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Abiria wengi hawashuki, na watalii nao wanawahi tembo.

Kaburi liko Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka Iringa. Fuvu liko Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga, kama kilomita 15 tu kutoka mjini.

Ilikuwaje kichwa na mwili vikae mbalimbali?

Agosti 17, 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Kihehe waliuvamia msafara wa Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga. (Jina Iringa lenyewe limetokana na "lilinga", yaani ngome kwa Kihehe.) Mkwawa akaingia porini na kuendelea kupigana. Wajerumani wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa chake.

Julai 19, 1898, alipozingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi. Askari walimkuta ameshakufa. Kichwa kikakatwa, na baadaye kikapelekwa Ujerumani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fuvu hilo liliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Ujerumani ilipewa miezi sita kulikabidhi kwa Waingereza. Lilirudi 1954, miaka 35 baadaye!

Aliyelifuata ni Gavana wa Tanganyika, Edward Twining. Alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu karibu 2,000, likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Lilikuwa pia na tundu la risasi. Ndiyo maana wapo wanahistoria ambao mpaka leo wanauliza kama kweli ni lenyewe. Hata hivyo, Wahehe walilipokea kwa heshima, na aliyekabidhiwa ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Mjadala haujaisha. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi akiwa Songea kwa yaliyotendwa enzi za ukoloni, huku mabaki mengine ya Watanzania yakiwa bado kwenye makumbusho ya nchi yake.

Usitegemee jumba kubwa kama la Dar. Kalenga ni makumbusho madogo: fuvu ndani ya kioo, mikuki, ngao na silaha nyingine za vita. Ukiyatazama haraka haraka, umeyamaliza. Bora umsikilize mwongozaji, na umuulize habari za Bremen.

Mlambalasi ni kimya zaidi, lakini ina jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye pango la mwamba lililopo hapo, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mifupa ya watu walioishi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, pamoja na shanga za ganda la yai la mbuni. Mkwawa alifia mahali ambapo watu walikuwa wakizikana maelfu ya miaka kabla yake.

Kwa anayetoka Idodi, Mlambalasi ndiyo inayotangulia. Ondoka na basi la alfajiri, beba maji, na mweleze konda mapema unaposhukia. Maeneo yote mawili yako pembeni ya barabara kuu, hivyo andaa nauli ya bodaboda na upatane na dereva akusubiri. Ukifika mjini na muda upo, pitia Iringa Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kama makumbusho ya mkoa mwaka 2016.