Kiingilio, Foleni na Mshahara: Historia ya Bei katika Bustani za Burudani za Marekani

Swali la iwapo safari ya familia kwenda katika bustani kubwa za burudani za Marekani bado inastahili fedha zinazotozwa langoni huulizwa siku hizi kana kwamba linahusu bei za mwaka huu peke yake, ilhali jibu lake limejengeka polepole kwa zaidi ya karne moja. Bustani ya burudani, kwa maana inayotumika hapa, ni eneo lililozungushiwa uzio ambamo mna bembea za mashine, maonyesho na vibanda vya vyakula, na neno bembea litajumuisha kila chombo kinachompandisha mtu, kumzungusha au kumteremsha kwa kasi kwa ajili ya raha. Anayefuatilia historia hiyo huona kwamba wenye bustani hizo wamebadilisha mara tatu kile hasa wanachomuuzia mgeni, na kwamba kila badiliko liliamua upya ni familia zipi zingeweza kuingia na zingeishije siku yao humo ndani.

Katika ufuo wa Coney Island, kusini mwa Brooklyn katika jiji la New York, wafanyabiashara wa burudani walikuwa wametapakaa bila mpango katika karne ya 19, kila mmoja akitoza senti zake mbele ya kibanda chake, hadi mwaka 1895 Paul Boyton alipoliwekea uzio eneo alilolipa jina la Sea Lion Park na kudai kiingilio langoni. George C. Tilyou alimfuata mwaka 1897 kwa kufungua Steeplechase Park, ambamo watu walishindana juu ya farasi bandia walioteleza kwenye reli, na huko ndiko ilikozoeleka tiketi ya senti 25 iliyomruhusu mtu kuonja burudani nyingi kwa malipo ya mara moja. Uzio ulirahisisha ukusanyaji wa fedha, lakini pia uliwaweka nje walevi na wezi wa mifukoni, ambao walikuwa wameufanya ufuo huo uogopwe na watu wenye watoto. Treni ya jiji ilipofika huko mwaka 1920 kwa nauli ya senti 5, mshonaji wa nguo au mpakizi wa bandarini aliweza kuwapeleka watoto wake baharini Jumapili na kuwarudisha jioni bila kukopa.

Mahali pengine bei ilishushwa na kampuni za tramu, yaani mabehewa ya umeme yaliyopita katika reli za barabarani. Mabehewa hayo yalijaa siku za kazi na kubaki matupu mwisho wa wiki, na kwa kuwa kampuni nyingi zililipia umeme kwa kiwango kisichobadilika hata yasipobeba abiria, wenye kampuni waliona faida ya kujenga bustani mwishoni mwa njia zao ili watu wapate sababu ya kusafiri. Kennywood, karibu na Pittsburgh, ilianza hivyo mwaka 1898. Kampuni ya namna hiyo haikuwa na haja ya kutoza kiingilio kikubwa, kwa kuwa pato lake lilikuwa katika nauli.

Hata hivyo, unafuu huo haukuwafikia wote, na historia inayousifu bila kusema hivyo si ya haki. Bustani nyingi ziliwafungia milango Wamarekani weusi, au ziliwatengea siku chache tu katika msimu. Glen Echo, bustani ya mwisho wa njia ya tramu katika jimbo la Maryland, nje kidogo ya Washington, iliendelea kuwakataa hadi majira ya joto ya mwaka 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard walipoandamana langoni wakiungwa mkono na wakazi wa jirani, na mwaka 1961 ikafunguliwa kwa watu wote. Ilifungwa kabisa baada ya msimu wa 1968. Kizazi hichohicho cha wazazi weusi kilichopata haki ya kupita langoni kilizikuta bustani za mijini zikifa na nafasi yake kuchukuliwa na bustani za kando ya barabara kuu, ambako bila gari la familia hapakufikika kwa urahisi.

Bustani iliyoongoza mabadiliko hayo ni Disneyland, iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1955 huko Anaheim, kusini-mashariki mwa Los Angeles, baada ya ujenzi wa takriban mwaka mmoja uliogharimu kiasi cha dola milioni 17, na ambao sehemu ya fedha zake ilitoka katika kampuni ya televisheni ya ABC kwa makubaliano kwamba Walt Disney angeitengenezea kipindi. Mahali penyewe, palipokuwa mashamba ya michungwa, palipendekezwa na mtafiti Harrison Price, ambaye alipima mwelekeo wa ongezeko la watu na njia ya barabara kuu mpya. Kiingilio kilikuwa dola 1 kwa mtu mzima na senti 50 kwa mtoto, lakini fedha hizo zilinunua ruhusa ya kutembea tu, na kila bembea ilikuwa na tiketi yake. Kuanzia Oktoba mwaka huohuo mgeni aliweza kununua kitabu cha tiketi kwa dola 2.50, chenye kiingilio na tiketi za bembea nane, ambazo zilipangwa kwa herufi kulingana na thamani: A ilikuwa ya vitu vidogo kama magari ya kuvutwa na farasi, na herufi ziliongezeka hadi E, iliyoletwa mwaka 1959 wakati bembea ya mlima Matterhorn ilipozinduliwa.

Utaratibu huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu uliifanya familia ipange siku yake kama inavyopanga matumizi ya nyumbani. Tiketi za E zilikuwa chache, hivyo watoto walilazimika kuchagua, kubadilishana na kungoja, na mzazi aliyeishiwa fedha aliweza kuwaacha wanawe watembee, watazame gwaride na kupumzika bila kuhisi kwamba kila dakika isiyo na bembea ni hasara. Tiketi za A zilizobaki zilirudi nyumbani na kulala katika droo kwa miaka mingi. Foleni nazo zilipunguzwa na bei yenyewe, kwani hakuna aliyepanda mara sita chombo ambacho kila safari ililipiwa.

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa ikijaribiwa. Six Flags Over Texas, iliyofunguliwa mwaka 1961 kati ya Dallas na Fort Worth, ilitoza bei moja langoni, nayo ilimtosha mgeni kwa bembea zote siku nzima. Mwaka 1971, mwaka uleule Walt Disney World ilipofunguliwa Florida kwa kiingilio cha dola 3.50 bila bembea, mwanauchumi Walter Oi alichapisha makala iliyochukua bustani ya Disney kuwa mfano wa bei ya sehemu mbili, yaani bei ambayo mteja hulipia kwanza haki ya kuingia, kisha hulipia kila anachotumia. Alionyesha kwamba mwenye ukiritimba, yaani muuzaji asiye na mshindani wa karibu, iwapo wateja wake wanafanana, hufaidika zaidi akishusha bei ya bembea hadi ilingane na gharama ya kumpandisha mtu mmoja zaidi, ambayo ni ndogo mno, kisha akachukua faida yote langoni. Mwaka 1982 Disneyland iliachana na vitabu vya tiketi na kuuza siku nzima kwa dola 12.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bembea ilipokosa bei yake, haikukosa uhaba wake, na kile ambacho zamani kiligawiwa kwa senti sasa kiligawiwa kwa saa za kusimama juani. Kwa miaka kadhaa hali hiyo ilikuwa na usawa fulani, kwa kuwa mtoto wa tajiri na mtoto wa dereva wa lori walisimama katika foleni moja. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, kadi iliyompangia mgeni muda wa kurudi bila kungoja, nayo ilitolewa bure kwa kila mwenye kiingilio. Mwaka 2021 nafasi yake ilichukuliwa na huduma ya kulipia, ambayo huko Florida ilianza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, na tangu hapo muda wenyewe umekuwa bidhaa inayouzwa ndani ya uzio kwa watu ambao tayari wamelipa langoni. Siku nazo zilipangiwa madaraja: kuanzia mwaka 2016 tiketi ya siku moja iliuzwa kwa bei tofauti kulingana na wingi wa watu, na katika bei zilizotangazwa Oktoba 2024 Disneyland ilitoza kuanzia dola 104 katika siku tulivu hadi dola 206 katika siku za kilele, ambazo nyingi ni zile za likizo za shule.

Kipimo cha haki cha bei hizo ni saa za kazi. Mwaka 1955 kima cha chini cha mshahara katika sheria ya shirikisho kilikuwa senti 75 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha dola 2.50 kiligharimu saa 3 na dakika 20 za kazi. Mwaka 1982, kima kilipokuwa dola 3.35, siku nzima yenye bembea zote iligharimu takriban saa 3 na nusu. Kwa miaka 27, basi, bei ilimkimbia mfanyakazi kidogo tu, na alichopata kilikuwa kimeongezeka. Mwaka 2024, kwa kima cha shirikisho cha dola 7.25 ambacho hakijabadilika tangu 2009, tiketi ya siku ya kilele ilimtaka mtu zaidi ya saa 28. Hata kwa kima cha California, kilichokuwa dola 16, ilihitaji karibu saa 13, na hiyo ni tiketi ya mtu mmoja, kabla ya chumba, chakula na foleni ya kulipia.

Mtetezi wa kampuni atasema kwamba bembea za leo ni za gharama kubwa zaidi na kwamba bila bei ya juu umati ungezidi nafasi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi, kwa sababu uhaba ungeweza kugawiwa kwa njia nyingine, kama FastPass ya bure ilivyothibitisha kwa zaidi ya miaka 20. Na bustani za namna ya zamani hazijatoweka: Knoebels, iliyofunguliwa mwaka 1926 huko Elysburg, Pennsylvania, haitozi kiingilio wala maegesho, na kila bembea hulipiwa tiketi yake kama ilivyokuwa zamani. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa saa, ziara ya Disneyland katika siku ya bei ya chini, mara moja katika utoto wa watoto, bado inastahili. Kuifanya likizo ya kila mwaka, katika msimu wa kilele na kwa mkopo, hakustahili tena.