Nyigu wa Pontedera na Vichochoro vya Unguja

Unguja wana vespa, Dar es Salaam wana bajaji. Majina mawili, vyombo viwili, na wengi wetu tunaovipanda hatujui kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Hebu tuanzie walikozaliwa: Pontedera, mji mdogo wa Tuscany, Italia.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Piaggio pale Pontedera kilikuwa kinaunda ndege. Vita vilipokwisha, mabomu yalikuwa yamekigeuza magofu na biashara ya ndege ilikuwa imekufa. Barabara mbovu, watu hawana hela, gari ni ndoto. Enrico Piaggio, mwenye kiwanda, akaona soko lipo kwa mtu wa kawaida anayetaka tu kufika kazini. Mfano wa kwanza wa pikipiki ndogo haukumpendeza, akamkabidhi kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa helikopta ambaye pikipiki alikuwa hazipendi hata kidogo: chafu, hazina raha, na ukipata pancha ni kasheshe.

Mimi naona siri yote iko hapo. Kazi alipewa mtu asiyezipenda pikipiki, basi akaondoa kila kilichomkera. Mnyororo unachafua suruali? Akautoa, injini akaiunganisha na gurudumu la nyuma na kuifunika kwa bati. Gia akazihamishia kwenye usukani. Gurudumu la mbele akalishikiza upande mmoja tu, kama la ndege, ili kulibadilisha kusiwe kazi. Na katikati akaacha nafasi wazi, mtu akae kama yuko kitini. Hataza iliombwa Aprili 1946. Jina likawa Vespa, yaani nyigu kwa Kiitaliano. Kufikia 1956 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni moja.

Ile nafasi ya katikati si jambo dogo. Mwanamke aliyevaa sketi alipanda bila kuhangaika, na padri mwenye kanzu yake pia. Ukija Unguja, hoja ni ileile: kanzu za wanaume na mabuibui ya wanawake. Tena vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa kabla gari halijakuwepo. Gari linakwama mwanzoni tu. Vespa inapita, kapu la sokoni likiwa limetulia miguuni pa dereva.

Ndugu wa pili alizaliwa 1948. Piaggio walichukua vespa, wakaiongezea gurudumu la tatu na sehemu ya kubebea mizigo, wakaiita Ape, yaani nyuki. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ikapata leseni ya kutengeneza vyombo vya Piaggio, vile vya magurudumu matatu vikiwemo. Vilipofika kwetu, Kiswahili wala hakikujisumbua: jina la kampuni likawa jina la chombo, hata kama kimetengenezwa na kampuni nyingine.

Nayasema haya kwa sababu kila mjadala wa foleni ukizuka Dar es Salaam, wa kwanza kunyooshewa kidole ni bajaji na bodaboda. Eti ndio wanaovuruga jiji. Kasoro zipo, sizikatai. Injini za zamani za kuchanganya petroli na oili zilitoa moshi mwingi, na ajali za pikipiki zinaua na kulemaza vijana wetu. Hayo yanataka kofia ngumu, mafunzo na sheria inayosimamiwa bila rushwa. Lakini simama kidogo Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni, uhesabu magari yenye mtu mmoja ndani, kisha uniambie nani kaijaza barabara.

Kiwanda cha Pontedera kilipona kwa kumfikiria mtu asiye na gari. Huyo ndiye mkazi wa kawaida wa miji yetu, na bado mipango yetu mingi ya barabara inaanza na mwenye gari.