Aliyepika na Aliyeandika: Historia ya Vitabu vya Mapishi vya Jumuiya

Atafutaye habari za watu wa kale aghalabu huanzia kwenye hati za serikali, barua za wakuu na kumbukumbu za mahakama. Ni nadra mtu kwenda kuitafuta historia jikoni. Hata hivyo jikoni ndimo yanamoonekana mambo ambayo hati hizo huyanyamazia: watu wa kawaida walikula nini, walikosa nini, walijifunza nini kwa majirani zao, na walirithisha nini kwa watoto wao. Katika makala haya tutatazama aina moja ya kitabu ambayo wataalamu wengi hawakuihesabu kuwa kitabu cha maana, nayo ni kitabu cha mapishi kinachotungwa na jumuiya: wanawake wa kanisa, wa chama, wa mtaa au wa ukoo mmoja. Tutajiuliza swali ambalo halina budi kumgusa kila mwalimu wa lugha: aliyepika ni nani, na aliyeandika ni nani?

Kwanza yafaa tueleze jinsi vitabu hivyo vinavyotengenezwa. Kila mwanachama huleta maelekezo ya chakula kimoja au viwili anavyovijua vizuri, akatia jina lake chini yake. Kamati ndogo huyakusanya maelekezo hayo, ikayapanga kwa mafungu ya supu, nyama, mikate na vitamutamu, kisha ikayapeleka kwa mpiga chapa. Kitabu huuzwa kwa bei nafuu, na faida yake huenda kwenye kazi fulani, kama vile kutengeneza paa la kanisa, kuwatunza yatima au kujenga hospitali.

Desturi hii ilipata nguvu nchini Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya miaka ya 1861 hadi 1865. Mwaka 1864, katika mji wa Philadelphia, yalifanyika maonyesho makubwa ya kuchangisha fedha za kuwahudumia askari wagonjwa na majeruhi. Bibi Maria J. Moss alikitoa kitabu chake, *A Poetical Cook-Book*, kilichochanganya mapishi na mashairi, ili kiuzwe kwa ajili ya shughuli hiyo. Wengi hukihesabu kuwa ndicho cha kwanza cha aina yake katika nchi ile. Vita vilipokwisha, wanawake hawakuiacha njia waliyoigundua. Vitabu vya namna hiyo vilienea toka mji hadi mji, hata mwaka 1971 mtafiti Margaret Cook alipochapisha orodha ya vile vilivyotolewa Marekani kati ya mwaka 1861 na 1915, hesabu yake ilifika maelfu.

Sababu ya kuenea huko haikuwa kupenda chakula peke yake. Katika karne ya kumi na tisa mwanamke wa Marekani aghalabu hakuwa na kura katika uchaguzi wa taifa, na nafasi zake za kushika fedha za umma au kusimama mbele ya watu zilikuwa chache. Lakini hakuna aliyeweza kumkataza kusema habari za jikoni. Wanawake wakalitumia jambo hilo dogo walilopewa kufanyia makubwa. Mwaka 1886 huko Boston kilitolewa *The Woman Suffrage Cook Book*, kilichohaririwa na Hattie A. Burr, ili kuitegemeza kazi ya kudai haki ya kupiga kura. Mwaka 1909 wanawake wa jimbo la Washington nao walitoa kitabu chao cha mapishi kwa madhumuni hayohayo. Katika jimbo hilo wanawake walipata kura mwaka 1910, na katika taifa zima mwaka 1920. Haiwezi kusemwa kwamba keki ndiyo iliyowapatia kura. Inatosha kusema kwamba katika kuandaa vitabu hivyo wengi wao walijifunza kuongoza mikutano, kutunza hesabu, kuelewana na wapiga chapa na kuuza walichokitengeneza.

Mfano mwingine unatoka Milwaukee, nao utawapendeza walimu. Bibi Lizzie Black Kander alikuwa akifundisha upishi katika nyumba ya kuwasaidia wageni, ambamo wanafunzi wake walikuwa wasichana wa familia za Kiyahudi zilizohamia kutoka Ulaya ya Mashariki. Wasichana hao walipoteza muda mwingi wa somo wakinakili mapishi kutoka ubaoni. Bibi Kander akawaomba wanaume wa halmashauri dola 18 tu ili masomo hayo yapigwe chapa. Walimkatalia. Basi yeye na wenzake wakatafuta matangazo ya wafanyabiashara, wakalipia uchapaji wenyewe, na mwaka 1901 nakala 1,000 za *The Settlement Cook Book* zikatoka. Kitabu kilipendwa mno. Faida yake ilisaidia kupata jengo jipya la shughuli zao, na kwa miaka iliyofuata nakala zaidi ya milioni mbili ziliuzwa. Kilichokuwa somo la ubaoni kikawa kitabu cha taifa.

Tukiifungua kurasa ya kitabu chochote cha zamani cha aina hii, tunashangaa kuona jinsi maelekezo yake yalivyo mafupi. Tunaambiwa tutie siagi kiasi cha yai, unga wa kutosha, kisha tuoke mpaka iwive. Haisemwi moto uwe mkali kiasi gani wala chakula kikae motoni kwa muda gani. Vipimo vya kusawazisha kijiko na kikombe vilipata kuenea baada ya Fannie Farmer kutoa kitabu chake cha shule ya upishi ya Boston mwaka 1896. Kabla ya hapo mwandishi alimwandikia mtu aliyekwisha kujua. Hakuona haja ya kumweleza jirani yake unga wa kutosha ni upi, kwa kuwa jirani huyo alifundishwa na mama yake tangu utotoni. Kwa hiyo kimya cha kitabu ni ushahidi pia: kinatuonyesha yale ambayo jumuiya nzima iliyajua bila kuambiwa.

Sasa tulirudie swali letu la mwanzo. Mwaka 1881 mjini San Francisco kilichapishwa *What Mrs. Fisher Knows About Old Southern Cooking*. Mwenye kitabu hicho, Abby Fisher, alizaliwa utumwani katika jimbo la South Carolina. Baada ya uhuru alihamia California, akawa mpishi mashuhuri, na mwaka 1880 alitunzwa nishani katika maonyesho ya mji ule kwa achari, sosi na jamu zake. Hakujua kusoma wala kuandika. Mapishi yake, yapatayo 160, aliyasema kwa kinywa, na mabibi wa mji wakayaandika. Lakini mabibi hao hawakuizoea lahaja yake. Chakula kiitwacho *jambalaya* kikaandikwa *jumberlie*, na *succotash*, ambacho ni mchanganyiko wa mahindi na maharage, kikageuka *circuit hash*. Msomaji wa leo huweza kucheka. Lakini mwalimu wa lugha atasikia humo sauti ya mama yule akitamka, na pia atalisikia sikio la mwandishi lililoshindwa kupokea. Lililo muhimu ni kwamba kitabu kilitoka kwa jina la Bibi Fisher mwenyewe. Makosa ya tahajia hayakumpokonya kazi yake.

Kabla yake, mwaka 1866, Malinda Russell, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru huko Tennessee, alikuwa amechapisha kijitabu chake cha mapishi katika mji mdogo wa Paw Paw, Michigan. Alieleza wazi kwamba alitaka kupata nauli na fedha za kumrudisha nyumbani. Kijitabu hicho kilisahaulika kwa muda mrefu, hata nakala yake ilipogunduliwa ikachapwa upya mwaka 2007.

Hao wawili walibahatika. Katika nyumba nyingi za kusini mwa Marekani, aliyesimama motoni alikuwa mwanamke Mweusi, na aliyetia jina kitabuni alikuwa bibi wa nyumba. *Charleston Receipts*, kitabu maarufu kilichotolewa na chama cha wanawake wa Charleston mwaka 1950, kimepambwa kwa beti za Kigullah, lugha ya wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani katika pwani ile. Lakini majina yaliyo chini ya mapishi mengi ni ya mabibi Weupe. Lugha ya wapishi ilichukuliwa kuwa pambo, na wapishi wenyewe kwa sehemu kubwa wakaachwa nje ya mlango.

Jibu lilikuja mwaka 1958. Baraza la Taifa la Wanawake Weusi wa Marekani, lililoasisiwa na Mary McLeod Bethune mwaka 1935, lilitoa kitabu chake lenyewe, *The Historical Cookbook of the American Negro*, kilichohaririwa na Sue Bailey Thurman. Kitabu hicho hakikupangwa kwa supu na nyama. Kilipangwa kwa kalenda, kuanzia tarehe 1 Januari, siku ya tangazo la kuwaachilia huru watumwa mwaka 1863, na kuendelea kwa sikukuu na watu mashuhuri wa historia yao. Wanawake hao walikuwa wamekwisha kutambua kwamba kitabu cha mapishi ni kitabu cha historia, wakaamua kukiandika hivyo waziwazi.

Kuna kitabu kingine ambacho hakikutungwa ili kiuzwe. Katika kambi ya Theresienstadt, katika nchi ya Wacheki iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani, wanawake wa Kiyahudi waliokuwa wakifa kwa njaa walikusanya mapishi ya nyumbani kwao kwa kumbukumbu tu, wakayaandika kwenye vipande vya karatasi. Mmoja wao, Mina Pächter, alifariki humo mwaka 1944. Kabla ya kufa alimkabidhi rafiki yake karatasi hizo amfikishie binti yake. Zilipita mikono mingi, na mwaka 1969 zikamfikia binti huyo New York. Zilichapwa mwaka 1996. Katika baadhi ya mapishi hayo viungo vimesahauliwa au hatua zimerukwa, kwa maana waliyaandika watu waliodhoofika kwa njaa. Hakuna awezaye kupika kila kitu kwa kuyafuata, lakini ni urithi wa familia na ushahidi wa watu waliokataa kufutwa.

Na huku kwetu Afrika ya Mashariki je? Wakati wa ukoloni, chama cha wanawake wa kanisa la St. Andrew, Nairobi, kilitoa kitabu cha mapishi na matunzo ya nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya. Katika nyumba hizo mpishi kwa kawaida alikuwa Mwafrika aliyeajiriwa, kwa hiyo hali ya Charleston haikuwa ngeni kwetu. Mfano wa namna nyingine ni Noorbanu Nimji, aliyezaliwa Nairobi katika jamii ya Waismailia, akahamia Calgary, Kanada, katika miaka ya 1970. Mwaka 1986 alitoa *A Spicy Touch*, kitabu cha mapishi ya nyumbani kwa watu waliohama. Walioondoka wakiwa vijana hawakuwa na mama au bibi karibu wa kuwaonyesha, na lile ambalo zamani lilijulikana bila kuambiwa sasa lilipaswa kuandikwa.

Walimu wenzangu, hapa ndipo jambo hili linapotufikia. Upishi wa Waswahili unayo hazina kubwa ya maneno ambayo mwanafunzi wa leo huyakuta kwa nadra darasani. Kuna kukaanga, kubanika, kutokosa, kuunga na kupalia. Kuna tui la kwanza na tui la pili, mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia. Kuna kibaba na pishi, ambayo ni vibaba vinne. Kila neno katika hayo lina kazi yake, na halibadiliki na jingine bila kuharibu chakula au maana. Mtungi wa gesi na nazi ya pakiti vinapoingia nyumbani, kifumbu hutoka, na jina lake likatoka pamoja nacho. Wenyeji wa nchi zisizo na pwani wanayo hazina yao pia, ya ndizi, mtama, maharage na samaki wa maziwa, iliyohifadhiwa katika lugha zao na katika Kiswahili chao.

Kazi ya kukusanya haihitaji fedha nyingi. Kila mwanafunzi aweza kumwendea mzee mmoja wa nyumbani kwao, akaandika pishi moja. Lakini historia tuliyoisimulia inatupa masharti matatu. La kwanza, jina la msemaji liandikwe juu ya pishi lake, kwa idhini yake, wala si jina la mwanafunzi peke yake. La pili, maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, na neno la lahaja lisisahihishwe kwa kalamu nyekundu. Maelezo yake yawekwe pembeni kwa asiyelijua. La tatu, msemaji anaposema kiasi cha kutosha, mwanafunzi aulize ni kikombe kipi, chungu kipi, kiganja cha nani. Hayo ndiyo maswali ambayo mjukuu atayauliza wakati mwenye kujibu hayupo tena.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi husia huo huelekezwa kwa wafanyabiashara. Nao wapishi wana mali yao, na sisi walimu ndio tulioshika daftari. Tusilifungue kwa kuandika majina yetu wenyewe.