Rufaa si tusi kwa wafu: somo la kesi za Goma na Minova

Asubuhi ya tarehe 30 mwezi wa nane mwaka 2023, risasi zililia mjini Goma. Waamini wa kundi moja la dini walikuwa wameita maandamano ya kuipinga MONUSCO na kikosi cha Afrika Mashariki. Wanajeshi wa Gadi ya Rais waliwafyatulia. Serikali ilitangaza kwanza wafu 43, kisha hesabu ikapanda kupita 50.

Kesi ilifunguliwa siku chache baadaye. Wanajeshi 6 walisimama mbele ya korti ya kijeshi. Tarehe 2 mwezi wa kumi, kanali aliyeongoza gadi hiyo mjini alihukumiwa kifo, watatu wakapewa miaka 10 gerezani, na wawili wakaachiliwa. Upande wa kanali ukasema utakata rufaa.

Kwa familia zilizozika watu wao, neno rufaa linauma. Wengi hulisikia kama mlango wa nyuma wa kumtoa mkubwa. Lakini Kivu imekwisha kuona kesi isiyo na rufaa, na matokeo yake yanajulikana.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2012, baada ya M23 kuingia Goma, wanajeshi wa serikali waliorudi nyuma walifika Minova. Huko walibaka wanawake na wasichana na kupora nyumba. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 135 waliotendewa ukatili huo wa kingono. Kesi ya washtakiwa 39 ilipelekwa mbele ya Korti ya Kijeshi ya Operesheni. Tarehe 5 mwezi wa tano mwaka 2014, hukumu ilitoka: wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji, wengi wakaadhibiwa kwa uporaji au kuvunja amri, na 13 wakaachiliwa.

Hapo ndipo mambo yaliishia. Sheria ya korti za kijeshi ya mwaka 2002 inasema kwamba hukumu ya korti ya operesheni haina rufaa. Mwanajeshi aliyedai kuonewa hakuwa na pa kwenda. Wanawake waliotoa ushahidi huku wamefunika nyuso hawakuwa na pa kwenda vilevile.

Ila Katiba ya mwaka 2006 inasema kinyume. Ibara ya 21 inampa kila mtu haki ya kupinga hukumu. Ibara ya 61 inakataza kuigusa haki hiyo hata wakati wa hali ya kuzingirwa, yaani état de siège.

Jambo hili haliwahusu wanajeshi peke yao. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 2021, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, raia anayeshtakiwa kwa kupiga mtu risasi mtaani anahukumiwa na korti ya kijeshi. Katika korti ya kiraia angekuwa na siku 10 za kukata rufaa. Katika ile ya kijeshi ana siku 5. Familia iliyo kambini, bila pesa ya wakili, siku 5 hupita kabla haijajua mlango wa kugonga.

Rufaa ina upande wa pili pia. Mwendesha mashtaka anaweza kuikata. Walioumizwa waliojiunga na kesi wanaweza kuikata kuhusu fidia. Taabu ni umbali: kanali akihukumiwa na korti ya jimbo, rufaa yake husikilizwa na Korti Kuu ya Kijeshi, Kinshasa, zaidi ya kilomita 1500 kutoka Goma. Mjane hawezi kupanda ndege kila kikao.

Mwezi wa tatu mwaka 2024, serikali iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo lililodumu tangu mwaka 2003. Tangu hapo, kosa la jaji linaweza kuwa kosa lisilorekebishika.

Hukumu iliyopimwa mara mbili ikasimama, hakuna atakayesema kesho kwamba ilitolewa kwa haraka ili kutuliza mji. Wafu wa Goma wanastahili hukumu ya namna hiyo, na familia zao zinastahili kuwapo inapopimwa.