Kabla ya kupulizia maji ya ndimu, ijue historia ya utitiri

Ndugu mkulima, kabla hujakamua ndimu na kujaza bomba ili kuua utitiri, sikiliza kwanza ulikotoka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakulima wa matunda Marekani na Ulaya walipulizia DDT kwa wingi. Wadudu wengi walikufa, lakini utitiri ukazidi. Dawa ilikuwa imewaua wadudu wanaoula, wenyewe ikauacha.

Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo, wenye asili ya Amerika ya Kusini, ulionekana Uganda, kisha ukaenea nchi nyingi za Afrika. Huku haukuwa na adui wake wa kwao. Watafiti wa IITA wakamleta adui huyo kutoka Brazil na kumwachia mashambani Benin mwaka 1993. Naye ni utitiri, ila anakula utitiri wenzake. Mchana hujificha kwenye vikonyo vichanga vya juu. Usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Alizaliana mwenyewe, mkulima hakununua kitu.

Somo ni hili: maji ya ndimu huweza kuua mdudu aliyelowa tu, na hayachagui adui wala rafiki. Yakiwa makali, huunguza majani. Chunguza kwanza chini ya jani. Ukiuona utitiri, jaribu jioni kwenye majani machache, ngoja siku mbili uone kama yameungua. Kwenye muhogo, usipulizie vikonyo: huenda mlinzi wako amelala humo.