Mvuke wa Eburru na wa Olkaria

Ukipanda mlima Eburru, kaskazini-magharibi ya Ziwa Naivasha, alfajiri ya baridi, utaona kama moshi ukifuka penye nyufa za ardhi. Usidhani ni moto. Ni mvuke ulioanza kupoa. Mlimani huko maji ni ya shida, na walowezi waliolima huko zamani za ukoloni walitaabika kuyapata. Basi wakatega mabomba penye nyufa. Mvuke ukapita, ukapoa, ukadondoka tone kwa tone. Wenyeji wanautumia ufundi huo hata leo.

Je, mvuke hugeukaje kuwa maji? Kila kitu kimefanyika kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Katika jiwe chembe zimeshikamana, kila moja mahali pake, ikitetemeka tu. Katika maji zimekaribiana, lakini hupishana kama watu sokoni. Katika mvuke zimetawanyika na kukimbia huko na huko, hata kibaba kimoja cha maji kikichemka chote huhitaji nafasi ya vibaba 1,600 na zaidi. Mvuke ukipoteza joto, chembe hupunguza mwendo, zikakaribiana tena, yakawa maji.

Kule Olkaria, kusini ya ziwa, maji yaliyo chini sana hupashwa moto na miamba hata yakapita nyuzi 200 za Selsiasi, wala yasichemke, kwa kuwa mgandamizo huzibana chembe zake. Yakipata njia ya kisima hupanda, mgandamizo hupungua, na sehemu yake hugeuka mvuke kwa ghafula. Mwaka 1956 walianza kuchimba visima 2, lakini havikufaa. Kazi ikaanza upya mwaka 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulitoa umeme. Kufikia mwaka 1985 mitambo ilikuwa 3, yenye megawati 45.

Lakini mwaka 2014 jamaa nyingi za Kimaasai zilihamishwa Olkaria kupisha mitambo mipya, na baadhi yao wakalalamika kwamba hawakutendewa haki. Tazama basi: Eburru mvuke uliwawezesha watu kukaa, Olkaria watu waliondoka kwa ajili yake. Chembe ni zile zile, nazo hufuata joto na mgandamizo tu. Kuchagua ni kazi ya mwanadamu, na kesho itakuwa kazi yako wewe.