Kozi wa Malta: Riwaya Moja, Filamu Tatu, na Fadhila ya Waigizaji wa Nafasi Ndogo

Kampuni ya Warner Bros. ya Hollywood, katika muda wa miaka kumi tu, ilitoa filamu tatu kutokana na riwaya moja: ya kwanza mwaka 1931, ya pili mwaka 1936, na ya tatu mwaka 1941, na ingawa asili ya zote ni kitabu kile kile, mbili za mwanzo hukumbukwa leo na watu wachache, ilhali ya tatu imethibiti miongoni mwa filamu tukufu za Marekani. Sababu ya tofauti hiyo, kwa rai yangu, haipatikani kwa kumtazama nyota wa mchezo peke yake, bali kwa kuwatazama waigizaji wa nafasi ndogo, ambao majina yao huandikwa chini ya jina lake na ambao aghalabu ndio wabebao uzito wa kisa.

Riwaya yenyewe ni The Maltese Falcon ya Dashiell Hammett, mtu aliyepata kufanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton kabla ya kushika kalamu. Ilitoka kwanza kwa sehemu katika jarida la Black Mask, kisha ikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1930. Humo mpelelezi wa San Francisco, Sam Spade, baada ya mshirika wake kuuawa usiku, hujikuta kati ya watu waliovuka bahari kuitafuta sanamu ya kozi iliyopambwa kwa vito, inayodaiwa kutengenezwa na Mashujaa wa Mtakatifu Yohana kwa ajili ya Charles V. Ni kweli katika tarikh kwamba mtawala huyo aliwapa Mashujaa hao kisiwa cha Malta mwaka 1530 kwa ushuru wa kozi mmoja kila mwaka. Ama sanamu ya vito, hiyo ni zao la fikra za mwandishi.

Jambo la ajabu katika kitabu hiki ni kwamba Hammett haingii kamwe ndani ya nafsi ya mtu. Hueleza yale tu ambayo jicho laweza kuyaona na sikio kuyasikia: mkono unaosokota sigara, sauti inayobadilika, macho yanayokwepa, lakini nia iliyofichika nyuma ya hayo humwachia msomaji aitambue mwenyewe. Kwa hiyo ni kitabu chepesi kupelekwa kwenye sinema, na papo hapo ni kigumu mno, maadamu yote ambayo mwandishi ameyanyamazia hayana budi kudhihirika katika nyuso za waigizaji, hata wale wenye maneno machache.

Filamu ya 1931, iliyoongozwa na Roy Del Ruth, Spade akiigizwa na Ricardo Cortez, iliufuata mkondo wa kisa kwa uaminifu, lakini ilikipitisha kwa dakika 80, na wale wasaka hazina hawakupewa nafasi ya kutosha kumtisha mtazamaji. Zilipokuja kukazwa kanuni za maadili ya sinema mwaka 1934, filamu hiyo ilizuiwa isionyeshwe tena, nayo kampuni ikaamua kuirudia riwaya kwa sura nyingine. Ndipo ilipotoka Satan Met a Lady, ya mwongozaji William Dieterle, ambayo ilibadili majina ya wahusika, ikakigeuza kisa kuwa cha kuchekesha, na mahali pa kozi ikaweka pembe iliyojazwa vito. Hata Bette Davis, kwa kipaji chake chote, hakuweza kuiokoa, kwa kuwa iliyatupa yale yaliyokipa kitabu heshima yake.

John Huston, mwandishi wa kampuni hiyo hiyo ambaye alikuwa hajapata kuongoza filamu, alitenda kinyume cha hayo katika filamu ya 1941: aliyachukua mazungumzo ya Hammett karibu kama yalivyo, akapunguza kile tu kilichozidi, kama vile binti wa Gutman, mkuu wa wasaka hazina, na kisa kirefu cha kando cha bwana Flitcraft. George Raft aliikataa nafasi ya Spade, ikamwangukia Humphrey Bogart, akaitendea haki. Lakini hazina ya filamu hii imo katika wale wanaomzunguka.

Wa kwanza wao ni Sydney Greenstreet, Mwingereza aliyekuwa jukwaani kwa karibu miaka arobaini, na ambaye alikuwa na umri wa miaka 61 alipoingia katika sinema kwa mara ya kwanza kuwa Gutman. Mpiga picha Arthur Edeson aliiweka kamera chini, hata kiwiliwili cha bwana huyo kikaijaza picha. Lakini si unene unaotisha, ni ule ukunjufu na adabu anavyovitumia kufunika tamaa. Mtazame anapoikwangua sanamu kwa kisu na kugundua kuwa ni ya risasi: uso humporomoka, kisha taratibu hurudiwa na furaha, akaazimia kuanza safari upya. Pale mwigizaji anatuonyesha umri mzima uliotolewa sadaka kwa jambo moja.

Pembeni yake yuko Peter Lorre, aliyesifika kwa filamu M ya Fritz Lang ya mwaka 1931, na ambaye, akiwa Myahudi, aliikimbia Ujerumani mwaka 1933. Cairo wake, msaka hazina mwingine, ni mtu wa manukato na sauti laini, ambaye hasira yake hulipuka ghafla ikaishia katika machozi. Naye Elisha Cook Jr., akiwa Wilmer, kijana mwenye bastola, husikiliza bwana wake Gutman akikubali kumtoa kafara, ilhali bwana huyo amesema kwamba anampenda kama mwana. Na katika macho yake mtazamaji huona udhalili ambao maneno yasingeutimiza. Hata Walter Huston, baba wa mwongozaji, aliingia kwa nukta chache tu, akaleta mzigo, akaanguka na kufa. Na nukta hizo hazisahauliki.

Greenstreet alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, ijapokuwa aliyeipata ni Donald Crisp kwa How Green Was My Valley, ambayo nayo ilitokana na riwaya. Greenstreet na Lorre walionekana pamoja katika filamu tisa hadi mwaka 1946, Casablanca ikiwamo. Ama Huston, mwaka 1948 aliichukua riwaya ya B. Traven, The Treasure of the Sierra Madre, akampa baba yake nafasi ya mzee mchimba dhahabu, na wote wawili wakatunukiwa Oscar.

Tunapobishana kama filamu imekitii kitabu, tumezoea kuhesabu matukio yaliyoachwa na yaliyoongezwa. Kipimo hicho hakitoshi. Filamu ya 1931 ilikuwa na matukio yale yale, na bado haikufika mbali. Anayetaka kuihamishia riwaya katika sinema na awateue waigizaji wa nafasi ndogo kwa uangalifu ule ule anaomteulia nyota, awape muda wa kusikiliza na kutazama, si wa kusema tu. Kwa maana mwandishi mzuri hamwumbi mtu asiye na kazi katika kisa chake, na kumpuuza mmoja wao ni kukipunguza kitabu hata kama kila neno lake limehifadhiwa.